Nguo za Kuvaa Juu ya Koti

Arlys Tveit alikuwa na kanuni moja ya ushonaji, na ukitaka mgombane ungeigusa hiyo: nguo ya Halowini hushonwa ivaliwe juu ya koti la baridi, si chini yake. Katika mji wetu wa Lindvik, kaskazini mwa Minesota, mwisho wa Oktoba theluji huwa imeshafika, na mtoto anayepita nyumba kwa nyumba kuomba peremende atavalishwa koti hata kama yeye ni malaika. Sasa kuna faida gani kumshonea malaika kanzu ya maana, halafu umfunike koti la buluu lenye jina la timu ya hoki? Arlys alilikataa jambo hilo tangu ujana wake. Alishona kubwa. Mcheza dansi wake alikuwa na kiuno cha pipa, na kipepeo wake alipita mlangoni kwa ubavu. Lakini mtoto alijulikana ni kitu gani, na kifua hakikumbana.

Kwa miaka thelathini na moja alishika ufunguo wa stoo ya mavazi iliyo chini ya kanisa la Kilutheri, chumba kisicho na dirisha, kinachonuka kahawa na dawa ya nondo. Mzazi alikuja, akataja umri wa mtoto, Arlys akatoa nguo. Mtoto anataka kuwa nani, hilo hakuuliza. "Miaka sita? Mwanao ni bundi," alisema, na mwaka huo mtoto alikuwa bundi. Vitambaa vilitoka kiwanda cha mapazia alikofanya kazi miaka ishirini na sita, kwa hiyo bundi wetu wote walikuwa na maua ya waridi mgongoni.

Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye miwani ya kamba shingoni na nywele nyeupe alizozifunika kwa kofia ya plastiki hata mvua isiponyesha. Mumewe Norval alifariki akamwachia gereji iliyopangwa vizuri na samaki mmoja aliyekaushwa na kugongomewa ubaoni. Mwanawe Brent aliishi mji wa Fargo, mtu wa kuonekana Krismasi na Pasaka.

Na kama watu wote wa kwetu, Arlys hakuwa msemaji. Huku mtu akikukanyaga, wewe ndiye unayeomba radhi. Ukikaribishwa keki unaikataa mara mbili, ya tatu unakubali nusu, na kipande cha mwisho hukaa sahanini mpaka kikauke kwa sababu hakuna mwenye uso wa kukichukua. Kuaga nako ni kazi. Unayapigapiga magoti yako kwa viganja, unasema "Haya basi," unasimama, kisha unazungumza jikoni, unazungumza mlangoni, unazungumza ndani ya gari ukiwa umeshusha kioo. Nusu saa haitoshi. Anayeondoka haraka, ujue amekasirika.

Basi mwaka mmoja, wiki ya pili ya Oktoba, shule ilileta karatasi ya rangi ya waridi. Mwalimu mkuu alikuwa mpya, Whitney Haugdahl, binti mwenye adabu nyingi kuliko miaka yake. Aliandika kwamba utamaduni wa watu si vazi la mchezo. Aliomba pasiwe na manyoya kichwani, pasiwe na mablanketi na masharubu ya Kimeksiko, pasiwe na mtoto aliyepakwa uso rangi ya watu wengine. Chini aliweka kibonzo cha boga linalotabasamu, ili tusiogope.

Arlys aliisoma akiwa amesimama. Wazo lake la kwanza, tusimpambe, lilikuwa kwamba kifaranga hiki kinataka kumfundisha kuku kutaga. La pili lilikuwa kwamba amri ni amri. Akachukua maboksi matatu, akayaandikia Yakae, Yaondoke na Sijui, akashuka stoo.

Kazi ilianza vizuri. Sketi ya majani ya Hawaii, majani yenyewe ya plastiki na ukubwa wake wa kuvaa juu ya suruali ya theluji, ikaenda Yaondoke. Kimono kilichokuwa pazia la bafu, Yaondoke. Waviking wawili wenye pembe, mabaharia wa kale wa Kinorwe, akawatia Yakae. Hao walikuwa babu zake mwenyewe, na yeye amewaruhusu. Halafu akafika kwa mamajusi wa igizo la Krismasi, ambao hukaa stoo hiyohiyo, na hapo akakwama. Akampigia simu mchungaji.

"Mchungaji Duane, mamajusi wetu wanatoka wapi?"

"Mashariki, Arlys. Imeandikwa."

"Na huko mashariki kuna watu mpaka leo?"

"Wapo wengi," alisema.

"Maana mamajusi wetu wamevaa majoho ya kuogea, na kichwani wana vitambaa vya kufutia vyombo. Tukiulizwa na hao wengi, tutawaambia nini?"

Mchungaji alisema atalipeleka jambo hilo katika maombi, ambayo kwa watu wa kwetu maana yake ni usinipigie tena. Mamajusi wakaingia Sijui, na wamo humo hadi leo.

Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, alilikuta vazi la Brent. Lilikuwa la kahawia, kitambaa kizito cha pazia la hoteli, na matamvua aliyoyakata kwa mkono, mojamoja, mikononi na miguuni. Pamoja nalo palikuwa na utepe wa kichwani wenye manyoya ya bata mzinga. Mhindi Mwekundu, ndivyo sote tulivyoliita wakati huo, bila hata kupepesa macho. Brent alilivaa akiwa na miaka sita, na baada yake watoto ishirini na kitu. Kwa Arlys ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote, na mkono wake ulishaanza kulipeleka Yaondoke bila maneno. Ndipo alipoikumbuka picha, akakaa chini juu ya boksi la Yakae, akawaponda Waviking.

Picha ilikuwa sebuleni kwake, juu ya televisheni. Brent kwenye ngazi ya mlangoni, vazi limevaliwa juu ya suti ya theluji, kafura hata mikono haishuki, mistari ya rangi ya midomo mashavuni, manyoya kichwani, mikononi glavu za hoki. Imetundikwa mbele ya kiti cha kijani. Na kiti cha kijani kilikuwa cha Verna.

Verna Bellanger alikuwa mpishi wa shule, Mwojibwe, wa wenyeji wa asili waliokuwapo kabla yetu, mkazi wa ng'ambo ya ziwa kwenye ardhi ya watu wake, maili ishirini na sita kutoka kwetu. Walijuana siku Arlys alipoipelekea shule aproni mpya za jikoni. Verna alijaribu yake, ikamzunguka mara mbili, akauliza, "Hii nayo ni ya kuvaa juu ya koti?" Hakuna aliyewahi kumtania Arlys usoni, na alishangaa kuona kwamba amependa. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi saa nane mchana, shule ikishamaliza kula, Verna alikuja kunywa kahawa. Miaka kumi na tisa. Arlys alipiga hesabu kichwani, akatoa wiki za mafua, akapata Alhamisi zinazokaribia elfu moja, na katika kila mojawapo rafiki yake alikuwa amekaa akitazamana na mtoto yule.

Mtu mwingine angesema, ah, picha tu. Lakini Arlys hakuwa na rafiki mwingine. Alikuwa na majirani, alikuwa na wenzake wa kwaya, alikuwa na watu wa kuwapungia mkono dukani. Rafiki alikuwa mmoja, na kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Alfajiri akaitoa picha. Ukutani pakabaki mraba safi, mweupe, unaoita macho kuliko hata picha. Akatundika kalenda ya benki, ndogo. Akatundika sala ya chakula iliyotariziwa, ndogo vilevile. Mwishowe akaenda gereji akamchukua samaki wa marehemu, akamtundika. Samaki alienea barabara, mkia ukapita kidogo.

Saa nane Verna akaingia, akavua viatu, akakaa kiti cha kijani, akainua macho. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita watoto mia tatu kwenye chakula. Alimtazama samaki. Kisha walizungumza habari za baridi kwa muda mrefu kuliko baridi yenyewe ilivyostahili.

"Samaki mkubwa," Verna alisema hatimaye.

"Wa Norval. Alikuwa gereji, nikaona anapigwa na baridi."

"Maskini. Kafa mwaka gani?"

"Themanini na nne," Arlys alisema. "Utakula keki?"

"Leta." Verna hakuwa na desturi ya kukataa mara mbili. Kwao chakula hupokelewa. Akala, akafuta mdomo, akauliza kama anayeulizia ndugu, "Shoga, Chifu Godoro yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanao. Yule wa ukutani. Sisi nyumbani tunamwita Chifu Godoro. Dada yangu Lucille hakuniamini mpaka nilipomchorea kwenye karatasi. Wajukuu wangu wote wanamjua. Mtoto akizidisha viazi mezani, tunamwambia angalia, utakuwa Chifu Godoro."

Arlys alihisi mzigo wa stoo nzima unamtoka mabegani. "Kumbe mlikuwa mnacheka," alisema. "Kumbe hukukasirika."

Verna akaweka kikombe chini. "Hilo sijalisema."

Arlys aliomba simu ilie, au jirani abishe hodi, au paa lidondoke.

"Siku ya kwanza nilitaka kuondoka," Verna alisema. "Mama yangu alichukuliwa kwa nguvu na serikali kwenda shule ya bweni, asahau Uojibwe wake, akiwa na miaka saba. Walimkata nywele palepale mlangoni, na nguo alizoshonewa na bibi yake wakazichoma moto. Zilikuwa na matamvua, Arlys. Halafu nakuja kwako kunywa kahawa, namkuta mtoto wenu kavaa manyoya ya bata mzinga, na kwa kazi hiyo kapewa peremende. Nilikasirika sana. Nyumbani tukamgeuza kichekesho, maana tungefanyaje? Ukicheka angalau kahawa inapita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza? Miaka kumi na tisa nimekaa mbele yake. Sikujificha."

Hapa mtu mwenye ulimi angesema samahani. Neno hilo Arlys alikuwa nalo, lilikuwa limefika kooni, lakini miaka sabini ya malezi ya Lindvik ililikaba palepale, na kilichotoka mdomoni kilikuwa: "Nikuongezee kahawa?"

Verna akasimama. Akasema asante kwa keki, akavaa viatu, akatoka. Hakusimama jikoni. Hakuegemea mlango. Gari liliondoka kioo kikiwa juu. Dakika moja na nusu kwa jumla, na kwa watu wa kwetu ni heri angevunja vikombe.

Alhamisi iliyofuata Verna hakuja. Arlys akapiga simu.

"Nashona," Verna alisema.

"Unashona?" Verna alikuwa hajawahi kushona hata kifungo. Vifungo vyake vyote alivileta kwa Arlys katika mfuko wa sandwichi.

"Nashona," Verna akarudia, na simu ikakatwa kwa adabu.

Basi saa nane za mchana, ambazo sasa hazikuwa na mwenyewe, Arlys alizitumia kulifumua vazi la kahawia. Alichomoa tamvua mojamoja. Alipofikisha mia moja alikuwa akimfikiria mtoto wa miaka saba mlangoni mwa shule, na bibi yake aliyekaa mahali fulani akikata yake vilevile, mojamoja, kwa mkono. Akalia kidogo, akapenga kamasi, akaendelea. Kitambaa kilichobaki alikishona dubu mwenye masikio ya pazia. Jioni alisimama mbele ya samaki akifanya mazoezi. "Samahani, Verna," alimwambia. Kwa samaki lilitoka vizuri tu.

Halowini iliangukia Ijumaa, theluji ikianguka tangu asubuhi. Saa kumi na nusu Arlys alikuwa barazani na bakuli la chokoleti, amevaa sweta lake la nyota la Kinorwe na kofia yake ya plastiki, na mtaa mzima ulijaa watoto wake wanene. Bundi wa waridi walipita. Dubu mpya alipita, akaanguka, akasimamishwa na Viking. Mwalimu mkuu Whitney mwenyewe alipita kavaa penseli, vazi ambalo hata liangaliwe na nani haliwezi kumuudhi mtu.

"Bi Tveit, asante kwa stoo," penseli ilisema. "Najua haikuwa kazi rahisi."

"Si mbaya," Arlys alijibu, kama tunavyosema hapa jambo likituvunja mgongo.

Wakati huo pikapu ya Verna ikasimama mbele ya nyumba. Mlango ukafunguka, akashuka mtoto. Kwanza Arlys aliona kofia ya plastiki. Chini ya kofia palikuwa na nywele nyeupe za pamba ya mto, kisha miwani ya kamba, kisha sweta la nyota lililopakwa rangi kwa mkono, nyota kubwa kama biskuti, na vyote hivyo vilikuwa vimevaliwa juu ya suti ya theluji, kwa mishono iliyokwenda upogo. Mikononi alibeba bakuli la mikate lililofunikwa kwa taulo. Huyo alikuwa Raelynn, mjukuu wa Verna, wa miaka tisa. Lakini asingeitwa jina hilo na mtu yeyote aliyekuwa pale, maana aliyekuwa anapanda ngazi, ameshika ukingo na kuguna "ufda", mguno wetu wa Kinorwe, kila kipandio, alikuwa Arlys Tveit.

Watoto wakajikusanya nyuma yake. Arlys mkubwa akamtazama Arlys mdogo. Akainua bakuli la chokoleti, maana mkono ulijua kazi yake.

"Karibu, chukua," alisema.

"Hapana, hapana, usijisumbue," mtoto alisema. "Nimetoka kula sasa hivi."

Mtaani ndoo za peremende zikaacha kutikisika.

"Chukua tu moja."

"Wape wengine. Mimi nipo tu hapa, wala usinijali."

Arlys akakaribisha mara ya tatu, kama ipasavyo.

"Labda nusu," mtoto alisema. "Una kisu?"

Baba mmoja aliyekuwa kando ya barabara akacheka mpaka akashika mti. Penseli ilicheka, kisha ikageuka kushoto na kulia kuona kama inaruhusiwa. Raelynn akaipokea chokoleti yake, akakaa kwenye ngazi, akapumzika. Kisha akayapigapiga magoti yake kwa viganja. "Haya basi," alisema, akasimama, na hakuondoka. Alizungumza habari za matairi ya baridi. Alizungumza habari za nyonga ya jirani. Aliteremka kipandio kimoja, akageuka, akazungumza tena. Halafu akamwelekea bibi yake aliyesimama chini karibu na pikapu, akasema kwa huruma nyingi, "Na kwenu ningekuja, Verna, nakwambia kweli kabisa. Ila barabara, unajua. Barafu."

"Mwezi wa saba," Verna aliwaambia watu. "Barafu."

Masikio ya Arlys yaliwaka moto chini ya plastiki. Kila kitu kilikuwa chake: mguno, nusu, kisu, magoti. Na barafu ilikuwa yake kuliko vyote. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaribisha, amepika, amemimina kahawa, akajihesabia kuwa rafiki mwema, na hajawahi hata siku moja kukanyaga kwa Verna. Tuseme ukweli, ilimchoma. Pale barazani kwake, watu wakicheka, alikuwa amevaliwa na mtoto, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Verna akapanda ngazi taratibu. Alikuwa na plasta kwenye vidole vitatu, alama za sindano. Akasimama mbele ya rafiki yake, akamwangalia.

"Umekasirika?"

Kwetu jibu la swali hilo ni moja tu, na mtoto huzaliwa nalo. Ni hapana.

"Ndiyo," Arlys alisema.

"Sana?"

"Kiasi." Akafikiri. "Sana. Na sweta langu halina nyota kubwa namna hiyo."

"Vizuri," Verna alisema. "Umeona ilivyo rahisi? Nimeuliza, umejibu. Hata dakika haikuisha."

Arlys akaweka bakuli chini kwenye theluji. Samaki hakuwepo, ila ilibidi neno litoke hivyohivyo. "Verna, ile picha. Samahani. Ilinipasa nikuulize siku ile ya kwanza ulipokaa. Na yale matamvua, nimeyafumua yote, kitambaa nikakishona dubu. Nilikuwa nikimfikiria mama yako."

Verna akavuta pua, akatazama dubu aliyekuwa ameanguka tena barabarani. "Ni yule?"

"Ni yule."

"Kapendeza," Verna alisema. "Na yule samaki umwondoe, mwenzangu. Nimekuwa nikikosa kuja hapa nusu kwa hasira, nusu kwa harufu."

Ikabidi wapigwe picha. Penseli ndiyo iliyopiga, kwa sababu ilikuwa na simu na ilikuwa inafuta machozi. Arlys mkubwa na Arlys mdogo wakasimama ngazini bega kwa kiuno, wote wawili na midomo iliyobanwa, kama watu wa Lindvik wanavyosimama kwenye picha.

"Hii naitundika sebuleni kwangu," Verna alisema. "Mbele ya kiti cha wageni."

"Nami nitaiona lini?" Arlys aliuliza.

Raelynn akafungua mdomo. Bibi yake akamwekea mkono begani, mtoto akaufunga. Watu wote wakamgeukia Arlys, na theluji ikaendelea kuanguka juu ya chokoleti.

"Alhamisi," Arlys alisema.

Alhamisi palikuwa na barafu ya kweli, barafu ya kitabuni, na redio ilitangaza shule imefungwa, ikawasihi watu wakae majumbani. Arlys aliondoka saa sita na nusu. Maili ishirini na sita alizikata kwa saa moja na dakika kumi, ameukumbatia usukani, bakuli la mikate limefungwa mkanda kiti cha pili. Alipofika alikuta watu wamesimama dirishani: Lucille, mabinti wawili, wajukuu ambao hakuwahesabu. Walikuwa wamekuja kumwona. Mmoja wao mdogo aliuliza kwa sauti kama huyu ndiye mama yake Chifu Godoro, akakanyagwa mguu.

Picha ilikuwa mahali iliposemwa. Kiti cha wageni kiliitazama uso kwa uso. Arlys akakaa, na hakukuwa na pengine pa kutazama. Akaziona nyota za biskuti, akaona midomo iliyobanwa, akaona kwamba kofia ya plastiki kweli inachekesha. Hakujisikia vizuri. Alikaa vivyo hivyo.

Verna akaja na bakuli la supu ya mchele wa mwitu uotao ziwani, inayofuka mvuke, imejaa hadi ukingoni. Kwenye sahani ya pembeni palikuwa na mkate wa kukaanga, kipande kimoja, cha mwisho. "Utakula?" aliuliza.

Mbele yake Raelynn, leo bila pamba wala miwani, alikuwa amekazia macho mdomo wa Arlys, na midomo yake mwenyewe ilishaanza kutamka bila sauti: hapana, hapana, usijisumbue.

"Nitakula," Arlys alisema. "Bakuli zima. Na huo mkate pia, kama hauna mwenyewe."

Lucille alimwangalia Arlys, akaiangalia picha, akamgeukia dada yake kama mtu aliyetapeliwa.

"Mbona hafanani naye?" aliuliza.